Udon ya Kagawa: supu nyepesi ya Wajapani inayonukia dagaa wetu, na chumvi iliyojificha ndani yake

mvuvi_wa_nchi_kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niko Takamatsu, mkoa wa Kagawa, kisiwa cha Shikoku huku Japani. Mwaka wa tatu sasa. Nikipiga simu nyumbani mama anauliza nimekula nini, nikimjibu tambi ananyamaza kidogo, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama nina hela. Kwake tambi ni zile za sukari na iliki za kufuturu, au pakiti ya dakika mbili ya wanafunzi wa hosteli. Nimeamua nieleze vizuri mara moja, na nyie mfaidike.

Ninachokula ni udon. Tambi nene nyeupe za ngano, unene wake kama kidole cha mwisho cha mtoto, ndani ya supu unayoweza kuona chakula hadi chini ya bakuli. Juu wanatupia majani ya kitunguu yaliyokatwa na tangawizi ya kukwaruza. Basi. Hiyo ya kawaida kabisa inaitwa kake udon, na bakuli dogo unapata kwa chini ya yeni 500, mara nyingi chini sana ya hapo. Kagawa ndio mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo, lakini kwa udon wana kiburi cha kutosha nchi nzima. Tangu 2011 wanajitangaza wenyewe kuwa "Mkoa wa Udon".

Sasa niwape aibu yangu ya siku ya kwanza.

Maduka mengi ya hapa unajihudumia. Unachukua trei, unataja ukubwa, mama mmoja mwenye kilemba cheupe anakuwekea bonge la tambi zilizokwisha kuchemshwa na kuoshwa, zimepoa. Kuna pipa la maji ya moto na vikapu vya waya vyenye mpini. Unatumbukiza tambi humo sekunde chache zipate moto, unakung'uta maji, unarudisha bakulini. Halafu unaenda kwenye tangi lenye bomba, unafungulia supu. Mimi sikumwangalia aliyenitangulia. Nilipasha tambi, nikachota maji ya lile pipa nikajaza bakuli, nikaenda kukaa. Nimekula nusu bakuli nikijiuliza watu hawa wanasifia nini. Maji ya moto yenye harufu ya unga! Nikajisemea, kumbe ndio maana wanaishi miaka mingi, hawali kitu.

Mzee mmoja wa pembeni, amevaa mabuti ya mpira, alinitazama, akatazama bakuli, akainuka bila kusema neno. Akalichukua, akamwaga yale maji, akaenda kufungulia bomba, akanirudishia na kuinamisha kichwa. Mimi ndio nilipaswa kuinama.

Nilipoinua lile bakuli, kabla hata ya kunywa, nikasikia harufu. Wakuu, ilikuwa dagaa. Si samaki kwa ujumla, dagaa kabisa, wale wa baharini waliokaushwa, harufu ya kupita karibu na gunia pale Feri, soko la samaki Dar, asubuhi. Bakuli halina hata dagaa mmoja. Nilikaa nimelishika muda mrefu hadi mzee akafikiri bado kuna tatizo.

Baadaye nikauliza nikaelezwa. Supu ya msingi ya Wajapani inaitwa dashi. Sehemu nyingi wanaipata kwa mwani mkavu wa kombu na samaki aina ya jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama mti, kisha akarandwa kama maranda ya seremala. Kagawa wao wanaongeza iriko, na kwa maduka mengi iriko ndio nguzo. Iriko ni dagaa wa baharini. Wanaosifiwa zaidi wanatoka kisiwa kidogo kinaitwa Ibuki, upande wa magharibi wa mkoa, wanavuliwa kiangazi. Boti inafika, dagaa wanachemshwa kwenye maji ya chumvi hapo hapo ufukweni kabla hawajalegea tumbo, kisha wanakaushwa. Aliyewahi kufika diko la dagaa Unguja atanielewa: moto, karai kubwa, maji ya chumvi, halafu chanja. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba sisi tunamla dagaa mwenyewe, wao wanamchuja utamu wanamtoa.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

omena_na_ugali

Mkuu umenichekesha na hayo maji ya kupashia. Lakini nikuulize kitu kimoja: mtu anashibaje na tambi na maji? Huku kwetu Kisumu ukimpa fundi wa mjengo bakuli hilo anakurudishia na matusi.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Anashiba, maana tambi zenyewe si legelege. Kuna neno wanalitumia, koshi, maana yake ya kawaida ni kiuno. Udon nzuri lazima iwe na kiuno. Ukiiuma inakubali kwanza, halafu katikati inakukatalia, halafu ndipo inakatika. Isiyo na kiuno wenyewe wanaicheka.

Kiuno hicho kinatoka kwenye vitu vitatu tu: unga wa ngano, maji, chumvi. Hakuna yai, hakuna mafuta. Donge linafungwa kwenye plastiki nene kisha linakanyagwa kwa miguu, ndiyo, visigino, linakunjwa, linakanyagwa tena, linalazwa lipumzike. Nimekanyaga mwenyewe kwenye darasa la wageni. Baada ya dakika kumi magoti yanakuuliza ulikuja kusoma au kufanya nini. Zikishachemka, dakika kumi na zaidi, zinatumbukizwa kwenye maji baridi na kusuguliwa kwa mikono zitoke ute. Ndio maana unazikuta dukani zimepoa.

Na kipimo cha chumvi hakilingani mwaka mzima. Wazee wana msemo: joto kali kikombe kimoja cha chumvi kwa vitatu vya maji, baridi kimoja kwa sita, siku za kawaida kimoja kwa vitano. Joto linalegeza donge, chumvi inalikaza. Fundi anapima hewa kwanza ndipo apime maji.

Cha kuchekesha, kwa fahari yote hiyo, unga mwingi unatoka Australia. Kagawa wana ngano yao waliyoizalisha maalumu kwa udon, lakini haitoshi.

nesi_wa_zamu

Uzi mzuri, ila ngoja niharibu karamu kidogo. Niko Muhimbili hapa jirani, wodi si yangu kuitaja, kazi yangu kila siku ni presha na sukari. Naona watu wataondoka na neno "nyepesi" kichwani.

Nyepesi kwa nini? Kwa mafuta, kweli. Gramu 100 za udon iliyochemshwa zina kalori kama 95, mafuta hayafiki hata nusu gramu, protini gramu 2 na kitu. Bonge moja la gramu 230 hivi linakupa kalori 220, supu inaongeza kidogo sana. Kwa hiyo bakuli dogo liko 250 na kidogo. Chips mayai hawezi hata kusimama naye picha moja.

Sasa chumvi. Tambi zenyewe zinaacha chumvi nyingi kwenye maji ya kuchemshia, tatizo si hapo. Supu ya udon huwa na chumvi asilimia 1 hadi 1.5. Bakuli likiwa na mililita 300, hesabu mwenyewe: gramu 3 hadi 4.5, na hujagusa kitu kingine tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Rangi inawadanganya watu. Wanaona supu ya rangi ya chai ya tangawizi iliyopauka wanadhani haina kitu.

Mvuvi, supu unamaliza?

mvuvi_wa_nchi_kavu

Dada nesi umeniuliza swali la korti.

Ndiyo, huwa namaliza. Yaani nilikuwa namaliza. Mwaka jana wakati wa kupima afya, presha ilitoka juu kidogo ya mstari, daktari kijana akaniuliza nakula nini, nikamwambia udon kwa fahari nikidhani atafurahi. Akacheka kwa adabu, akachora bakuli kwenye karatasi, akapiga mstari katikati ya supu. Chini ya mstari akaandika alama ya kukataza.

Na kuhusu rangi uko sahihi kuliko unavyojua. Upande huu wa magharibi ya Japani wanatumia sosi ya soya ya rangi nyepesi. Ile rangi nyepesi ina chumvi zaidi, inafika asilimia 18 au 19, wakati ile nyeusi ya kawaida iko kwenye 16. Mtu wa Tokyo bakuli lake ni jeusi, wa huku anamcheka kwamba anakula tambi kwenye wino. Hata kampuni ya tambi za kikombe, Nissin, udon yake ya Donbei inauzwa kwa supu mbili tofauti, ya mashariki na ya magharibi, na herufi ndogo kwenye kikombe kukuonyesha umeshika ya wapi.

nesi_wa_zamu

Huyo daktari apewe maua yake.

La pili ni wanga. Unga mweupe, unamezwa haraka, sukari inapanda haraka. Wagonjwa wangu wa kisukari wakisoma "250 kalori" watakula mawili.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Mawili ndio kawaida hapa! Ukubwa unahesabiwa kwa mabonge: dogo bonge moja, la kati mawili, kubwa matatu. Na wanapenda kuongeza mkononi kibonge cha wali. Wanga juu ya wanga, kama sisi na chapati pembeni ya pilau. Na hawatafuni sana, wanasema utamu wa udon unasikika kooni inapopita. Unavuta kwa sauti, fyuuu, ukila kimya unaonekana huna furaha.

Kagawa kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa katika mikoa yenye kisukari kingi Japani, na watu wa afya wa mkoa wanahubiri hicho unachosema: anza na mboga, acha supu, punguza wali wa pembeni. Wanahubiri ndani ya Mkoa wa Udon. Ni kama kwenda Pemba kuwaambia watu wapunguze nazi.

Mimi sasa hivi naagiza bonge moja, naweka yai la nusu kuiva na mwani laini wa wakame, na bakuli la mboga naanza nalo. Bagia zao za mboga, kakiage, kitunguu na karoti vilivyokatwa nyembamba vikakaangwa pamoja, nazigusa Ijumaa tu. Ile ukiiweka kwenye supu inanyonya, inalegea, mafuta yanaelea juu kama macho. Hapo wepesi wote umekwisha, lakini aisee.

binti_wa_kibokoni

Salaam aleikum. Nauliza kwa niaba ya sisi watu wa Mombasa ambao tungependa kujaribu: nguruwe imo? Na nasikia vyakula vyao vingi vatia pombe.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Waaleikum salaam dada. Kake udon supu yake ni samaki na mwani, nguruwe haimo. Usichanganye na rameni, tambi zao nyingine za supu, hasa ile nyeupe nzito ya Fukuoka, ile ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa hadi ikawa kama maziwa.

Pombe ndio pa kuangalia. Maduka mengi wanatia mirin, kinywaji kitamu cha mchele chenye kilevi, au sake. Na sosi ya soya ya kuchachusha ina kilevi kidogo kinachojitengeneza chenyewe. Zipo zenye cheti cha halali. Mimi si sheikh, sitaki kuingia huko zaidi. Nyumbani ni rahisi: acha mirin, tia sukari kiasi cha kubana kwa vidole viwili.

mhenga_wa_maabara

Niongeze la kikemia maana naona hapa hapajaguswa. Ule utamu wa supu una historia. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alijiuliza kwa nini supu ya kombu ni tamu na haina sukari wala nyama. Akaichuja kombu kwa kilo hadi akapata glutamati, ladha akaiita umami. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akakuta kitu kingine kwenye yule jodari mkavu, inosinati. Dagaa anayo pia. Siri ni kwamba glutamati na inosinati zikikutana ulimini hazijumlishani, zinazidishana. Ndio maana wanatia mwani NA samaki, wala si kwa mbwembwe.

Wazungu walihangaika miaka mingi kuikubali kama ladha inayojitegemea. Sisi Waswahili hatukuwa na shida. Supu ya pweza ni "tamu", asali ni "tamu", na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

nesi_wa_zamu

Hapo kwenye kombu mwenye matatizo ya tezi ya shingo asome mara mbili. Kombu imejaa madini joto. Gramu moja kavu inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 1,000, na mtu mzima anahitaji kama 150 tu kwa siku. Rovu linatokana na upungufu, ndio, lakini wingi nao unaisumbua tezi. Bakuli la mara moja moja halina neno. Kunywa supu ya kombu kila siku kama dawa, kama nilivyoona mtu anatangaza kwenye grupu la WhatsApp, hapana.

kigoma_mwisho_wa_reli

Na mimi nina la kusema kuhusu dagaa. Mvuvi, nilisoma bandiko lako juzi usiku, jana nikajaribu. Nimechukua dagaa wetu wa ziwani, nikatia kwenye sufuria, nikachemsha nusu saa moto mkali, nikachuja. Chungu! Chungu kama dawa ya malaria ya zamani. Na rangi ya matope. Wife kanywa kijiko kimoja akaniuliza kama nimeanza kazi ya uganga.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Pole sana mkuu, kosa langu, sikutoa maelekezo. Utumbo ulitoa?

kigoma_mwisho_wa_reli

Utumbo wa dagaa nautoaje? Mtu mzima mimi.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Unautoa, tena mmoja mmoja. Hivi:

Shika dagaa mkavu, vunja kichwa, kitoke pamoja na kile kipande cheusi cha tumboni. Hicho cheusi ndio uchungu wote. Pasua mwili katikati kwa kucha. Chukua gramu 25 hadi 30 hivi, ni konzi moja ya kushiba, tia kwenye lita moja ya maji BARIDI, acha usiku kucha. Kama una kombu weka kipande cha gramu 10, kama huna basi, na usinunue mwani wa Paje, Unguja, ukitegemea kitatokea kitu kile kile, ule ni wa jamii nyingine, unatoa ute.

Asubuhi weka moto mdogo sana. Kombu itoke kabla maji hayajachemka. Yakianza kutoa vipovu pembeni punguza, toa povu la juu, dakika tano au sita, zima. Chuja kwa kitambaa na USIKAMUE. Halafu sosi ya soya kidogo, chumvi onja. Nusu saa ya moto mkali, mkuu, ile ni kumwadhibu samaki.

Dagaa wako wa Tanganyika ni wa ukoo wa sadini, wanaweza kufaa wakiwa wasafi. Wa Mwanza siwashauri kwa kazi hii: ni ukoo mwingine kabisa, wengi hawachemshwi kwanza, na wakianikwa mchangani utakunywa ufukwe. Wanaokaribia zaidi iriko ni wa Unguja waliochemshwa kwa chumvi. Ila wale magunia yao yanapanda malori kwenda Kongo, kuwapata rejareja wazuri ni kazi.

omena_na_ugali

Yaani wa Mwanza umewatupa hivyo hivyo. Omena zetu zimekukosea nini 😂

mvuvi_wa_nchi_kavu

Omena kaanga na nyanya na kitunguu, tia ugali pembeni, hapo nitapanda ndege nije.

binti_wa_kibokoni

Mimi nimeleta majibu. Dagaa wa Unguja nimepata kwa mama mmoja sokoni Marikiti, nimekaa na mwanangu barazani tumewavunja vichwa, paka wote wa mtaa wamekuja. Udon sikupata, nimetumia tambi za kawaida nene. Kombu sina. Mirin haimo. Supu imetoka njano nyepesi kama mkojo wa mtoto, msinicheke. Nikaonja, nikaona, hii mbona ni ile supu mamangu alokuwa akinipa nikiwa mgonjwa, ila haina ndimu. Nikatia ndimu. Mvuvi nisamehe.

mvuvi_wa_nchi_kavu

Usiombe msamaha. Hapa Shikoku kuna ndimu yao ndogo ya kijani inaitwa sudachi, majirani wa mkoa wa Tokushima ndio wanailima, na kiangazi wanakata vipande vyembamba wanafunika bakuli zima la udon hadi tambi hazionekani. Umeifikia mwenyewe bila kuambiwa.

kigoma_mwisho_wa_reli

Mrejesho. Nimetoa vichwa. Saa nzima na nusu, mimi na shemeji, tunaangalia mpira huku tunavunja dagaa. Mara hii wife kanywa bakuli zima, halafu kaniuliza vile vichwa na dagaa waliochujwa nimevipeleka wapi. Nikamwambia nimetupa. Ugomvi uliozuka hapo siuandiki.

nesi_wa_zamu

Kanywa bakuli ZIMA?

kigoma_mwisho_wa_reli

Chumvi sikutia dada. Ilikuwa imeisha.